Orodha ya Jumamosi Usiku: Kisa cha Ahadi ya Bati

Orodha ya ahadi za bati la kanisa iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu Jumamosi moja ya mwezi wa tano, yapata saa tatu usiku, na aliyeiweka ni mimi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu visa vya kanisani huandikwa mara nyingi kana kwamba vilitokea bila mtu: orodha "ilitolewa", tangazo "lilisomwa", mshirika "alipoa". Hakuna orodha inayojitoa yenyewe. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi, simu ilikuwa yangu, na majina thelathini na nane niliyachapa kwa kidole kimoja nikiwa nimekaa barazani, umeme umekatika, nikijiona mtumishi mwaminifu kuliko wote.

Kanisa letu ni la Wamethodisti, nalo liko upande wa Mbagala, mahali ambapo barabara ya vumbi inaachana na lami na bodaboda hupandisha bei mvua ikinyesha. Wamethodisti hapa Dar es Salaam ni wachache, kiasi kwamba mtu akikuuliza unasali wapi na ukamjibu, swali linalofuata huwa ni kama sisi ni Walutheri au ni walokole. Jibu langu la haraka ni kwamba sisi ni binamu za Wamoraviani, ambao watu wa Mbeya na Tabora wanawafahamu vizuri. John Wesley, kasisi wa Kianglikana ambaye kazi yake ndiyo iliyotuzaa, aliwakuta Wamoraviani melini akielekea Georgia. Dhoruba ya Januari 1736 ilipoipiga meli ile, Waingereza walipiga mayowe na Wamoraviani wakaendelea kuimba zaburi, naye hakulisahau jambo lile. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Wamethodisti walitangulia kuigusa pwani hii, kule Ribe karibu na Mombasa, mwaka 1862, lakini huku kwetu tumebaki kikundi kidogo, na kanisa la watu wachache hujengwa kwa mifuko ile ile kila mara. Hapo ndipo kisa hiki kinapoanzia.

Jengo lilikuwa limefika kwenye lenta. Ibada tulikuwa tukiifanyia chini ya turubai lililofungwa kwenye mirunda, na masika yale maji yalijikusanya katikati ya turubai hadi kijana mmoja akawa anasimama na mti wa ufagio wakati wa mahubiri, akilisukuma juu ili maji yamwagikie pembeni badala ya kuwamwagikia wanakwaya. Kamati ikaamua kwamba vuli isitukute bila bati. Kila kaya iliandika ahadi yake kwenye kadi, ahadi ya kulipwa ndani ya miezi sita, na fedha zikawa zinatumwa kwa simu kwenye namba ya mhazini. Mama ambaye kisa hiki kinamhusu, mjane anayeuza vitumbua kwenye kituo cha daladala, aliandika shilingi 120,000. Hakuna aliyemlazimisha. Kadi yake naikumbuka kwa sababu tarakimu zake zilikuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la pili, na sifuri za mwisho zilikuwa zimeshikana.

Ili kosa langu lieleweke, ni lazima kwanza ieleweke nguvu ya orodha katika mji huu. Mtu hujikuta ameingizwa kwenye kundi la harusi ya mtoto wa mtu aliyefanya naye kazi zamani, kabla hajaulizwa kama anataka, na kila jioni orodha ile ile hupandishwa upya: jina, kiasi alichoahidi, alama ya vema ya kijani kwa aliyelipa, na nafasi tupu kwa ambaye bado. Nafasi ile tupu ndiyo inayofanya kazi. Watu hulipa ili kuijaza kuliko wanavyolipa kwa ajili ya bwana harusi, na kila aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati anajua kwamba orodha ikipandishwa saa tatu usiku, kufikia saa nne simu inaanza kuita. Wala sitaki kuidharau. Tumeshuhudia michango mingi ikiliwa, na orodha iliyo wazi ni risiti ya mtu asiyepewa risiti. Aliyechanga shilingi 5,000 anaiona 5,000 yake ikiwa imeandikwa mbele ya watu, na hapo hakuna mwanakamati wa kumwambia kwamba hakuleta. Hoja hiyo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani usiku ule, nami bado naiona ni ya kweli.

Orodha yangu ilikuwa na mafungu matatu: waliokamilisha, wanaoendelea, na ambao hawajaanza. Katika fungu la tatu yalikuwa majina sita, na jina la mama huyu lilikuwa la nne, mbele yake kukiwa na 120,000 na mbele zaidi sifuri. Chini kabisa niliandika Malaki 3:10, andiko la kuleta zaka kamili ghalani, na kuweka picha ya mikono miwili ya maombi. Asubuhi nilipoamka nilikuta watu watatu wa fungu la kwanza wamejibu "Amina", mmoja wa fungu la pili ametuma 10,000 usiku huo huo, na juu ya yote hayo mstari mdogo wa kijivu ulioonyesha kwamba saa kumi na dakika arobaini alfajiri namba fulani iliondoka kwenye kundi. Saa hiyo huwa ameshaamka. Ndiyo saa anayochanganya unga wa mchele na tui na kuweka hiliki.

Jumapili hiyo hakuja, wala iliyofuata. Kwa wiki nne hakuna aliyeuliza, nami nikiwamo, na sababu yake si ugumu wa moyo bali ni jinsi kundi la simu lilivyo: aliyeondoka haachi kiti kitupu. Kwenye ibada ya watu wasiozidi mia, kiti kikiwa kitupu mtu hukiona na kuuliza. Kwenye kundi, majina yaliyobaki husogea yakajaza, na mazungumzo ya sare za kwaya yakaendelea.

Sikwenda kwake kwa wema. Nilipita kituoni siku ya Alhamisi nikiwa na njaa, nikamkuta mtu mwingine anauza chapati pale anapokaa yeye, na vijana wa bodaboda wakaniambia bibi hajaonekana wiki ya pili sasa. Nilimkuta nyumbani, kwenye chumba chake kimoja cha kupanga, amekaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba. Karibu, katibu." Kabla ya hapo alikuwa akiniita mwanangu.

Hakuwa peke yake. Kando yake alikuwa mwanamke mmoja wa makamo, Mwislamu, amevaa dera na mtandio, ana daftari la shule lenye jalada lililokunjika kona. Huyu alikuwa kijumbe wa mchezo wao, maana mama huyu hucheza mchezo wa kila siku na wanawake wenzake kumi na wawili wa mtaa huo, shilingi 2,000 kwa siku, na kijumbe ndiye anayepita mlango kwa mlango kila jioni kukusanya. Alifungua daftari, akaandika, akasema bila kumtazama mtu, "Ya leo pia nimekuwekea mimi." Ilikuwa siku ya sita anamwekea. Kisha, alipoona nimekaa kimya, akanieleza mambo ambayo mimi katibu sikuyajua hata moja: kwamba mjukuu alilazwa, kwamba mama alichukua mkopo wa wale wanaoitwa kausha damu ili kulipia matibabu, kwamba alipochelewesha rejesho la siku mbili vijana walikuja wakabeba mtungi wa gesi pamoja na chuma cha vitumbua chenye mashimo saba, na kwamba tangu hapo hakuna kitumbua kilichokaangwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe na leseni, lakini waliobeba mtungi ule hawakuonyesha karatasi yoyote, na hakuna aliyewaomba.

Nikamuuliza mama kuhusu ahadi, nikijaribu kusema kwamba asiwe na wasiwasi nayo. Akanijibu kwa sauti ya chini kuliko yote aliyotumia siku ile: "Mimi nilituma." Laini yake ilikuwa imefungwa kwa usajili, kwa hiyo mara tatu alimpa mtoto wa marehemu dada yake amtumie, shilingi 15,000 kila mara. Kijana huyo ni Mwislamu, kama ilivyo nusu ya ukoo wao na kama ilivyo katika koo nyingi za mji huu, na jina lake la kwanza ni la mwezi mtukufu. Jioni hiyo nilikwenda kwa mhazini, tukafungua daftari lake, na kwenye ukurasa wa nyuma, chini ya kichwa cha habari "wasiojulikana", zilikuwapo 15,000 tatu zilizotoka kwa Ramadhani ambaye hakuna aliyemjua kanisani. Shilingi 45,000 zilikuwa zimekaa miezi mitatu bila mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na sifuri mbele ya kundi zima.

Wengi niliowasimulia kisa hiki huishia hapo na kusema tatizo lilikuwa la hesabu, na dawa yake ni mhazini kuwa mwangalifu na kila mtu kutuma ujumbe wa uthibitisho. Nakubali kwamba kosa hilo lilihitaji kurekebishwa, nalo lilirekebishwa kwa dakika tano. Lakini tuchukulie kwamba hesabu ingekuwa sahihi. Tuchukulie mama hakutuma hata shilingi, na sifuri yake ilikuwa sifuri ya kweli. Je, orodha ingekuwa imefanya haki? Kwa maoni yangu ingekuwa imekosea zaidi, maana mtu ambaye kweli hakuweza kutoa chochote kwa muda wote huo ndiye ambaye kanisa lilipaswa kubisha hodi kwake kabla ya mwingine yeyote, na sisi tungekuwa tumempelekea Malaki.

Jambo linalonisumbua ni kwamba mila yetu wenyewe inalijua hili tangu mwanzo, tena ililijua kwa sababu ya deni la jengo kama letu. Mwaka 1739 Wesley alianza kujenga nyumba ya ibada mjini Bristol, inayoitwa New Room, na miaka mitatu baadaye deni lake lilikuwa bado linawakaba. Tarehe 15 Februari 1742 walikutana kujadili walipeje. Nahodha mmoja wa meli aliyeitwa Foy akapendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Mtu akasimama akasema wengi ni maskini na hawataweza. Foy akajibu kwamba apewe yeye watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawapitia kila wiki, wenye kitu watampa, na asiye na kitu atamlipia yeye mwenyewe kama anavyojilipia. Akawaomba wengine nao wafanye hivyo kwa majirani zao. Walipoanza kupita nyumba kwa nyumba, wakaanza kurudi na habari ambazo hawakutumwa kuzileta: huyu anaishi vibaya na mkewe, yule ameanza tena kulewa. Wesley aliposikia hayo akatambua kwamba amepata kitu alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa darasa, yaani kikundi cha watu kama kumi na wawili chenye kiongozi wake, ambalo kwa zaidi ya karne moja lilikuwa uti wa mgongo wa Umethodisti. Sisi bado tunalitaja kwenye kumbukumbu za kikao, ingawa washirika wote huliita jumuiya.

Nilipokaa na kuilinganisha habari hiyo na niliyoyaona mlangoni kwa mama, sikuweza kukwepa ulinganifu wake. Yule kijumbe mwenye dera, asiyewahi kumsikia Foy wala Bristol, alikuwa na watu kumi na wawili, daftari, mzunguko wa kila siku, na desturi ya kumwekea aliyekwama. Na kwa kuwa alikuja kwa miguu kuchukua 2,000, alijua habari ya mjukuu, ya mtungi na ya chuma. Mimi nilipokea, au nilidhani sikupokea, kwa simu, na nilichokijua ni tarakimu. Fedha inayofuatwa kwa miguu inarudi na habari za mtu. Inayokuja kwa simu inakuja na jina la mwenye laini, na hata hilo, kama tulivyoona, huenda si jina lake.

Kuna jambo jingine katika historia hiyo ambalo nililisoma nikaona aibu. Kanuni za Jumla ambazo Wesley alizitoa mwaka 1743 zinaeleza kazi za kiongozi wa darasa. Ni lazima amwone kila mtu wake angalau mara moja kwa wiki, aulize hali ya nafsi yake, amshauri au amfariji, na apokee anachotaka kutoa kwa ajili ya maskini. Kisha, kila wiki, akutane na mhudumu na wasimamizi wa fedha, amweleze mhudumu kuhusu walio wagonjwa, akabidhi alichokusanya, na aonyeshe hesabu ya kila mtu ametoa kiasi gani. Orodha ya majina na viwango ilikuwapo, basi; sikuibuni mimi. Tofauti ni kwamba orodha yao ilionyeshwa watu wachache, katika kikao kile kile ambacho wagonjwa walitajwa. Sisi tuliitenga na habari za wagonjwa, tukaitangaza kwa wote.

Sitaki msomaji afikiri kwamba naipamba mila. Kulikuwa na tiketi, kadi ndogo ya uanachama iliyotolewa upya kila robo mwaka baada ya kila mtu kuhojiwa, na aliyeonekana kwamba mwenendo wake haufai hakupewa nyingine. Ni ukali, na mimi binafsi nisingependa kuurudisha. Lakini Wesley mwenyewe aliisifu njia hiyo kwa utulivu wake, kwamba mtu aliweza kuondolewa bila kelele wala fedheha. Hata walipomfukuza mtu walijitahidi asiaibike, nasi tukamwaibisha mtu ambaye hakuna aliyekusudia kumfukuza.

Na aibu ya mdaiwa si jambo ambalo Wesley alilisoma kitabuni. Baba yake, Samuel, kasisi wa Epworth, alifungwa mwaka 1705 katika gereza la Lincoln Castle kwa deni. Askofu mkuu wa York alimuuliza mama yao, Susanna, kama familia iliwahi kukosa mkate kabisa. Susanna akajibu kwamba kwa kweli hakuwahi kuukosa, ila mahangaiko ya kuupata kabla haujaliwa, na mahangaiko ya kuulipia baada ya kuliwa, mara nyingi yaliufanya usiwe na ladha. Nimeishi Dar es Salaam miaka yangu yote na sijasikia maelezo mafupi na kamili zaidi ya maisha ya mtu anayekopa unga asubuhi na kuulipa jioni.

Kamati ilikutana wiki mbili baadaye, na kikao kilikuwa kirefu. Mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, aliitetea orodha kwa hoja ambayo sikuitegemea. Alisema Yesu mwenyewe aliketi kuelekea sanduku la hazina akawatazama watu wakitia fedha, Marko 12:41, na yule mjane asingesifiwa hadi leo kama kutoa kwake kungefichwa. Hoja hiyo ilituweka kimya, kwa sababu ni ya kweli. Baadaye, nikiwa ndani ya daladala nikirudi nyumbani, ndipo nilipoliona jibu ambalo ningetoa: Yesu hakuona tu alichotia mjane, alijua pia kilichobaki nyumbani kwake, nacho kilikuwa sifuri. Orodha yetu ilikuwa na safu ya walichotia tu.

Dada mmoja kijana akapendekeza tutumie namba za bahasha badala ya majina. Ni pendekezo la heshima, na katika usharika wa watu elfu mbili lingefaa, lakini kwetu sisi kaya thelathini na nane, kufikia Jumatano kila mtu angejua nani ni namba 17. Mwingine alikumbusha kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tukamsikiliza, tukasonga mbele, maana hakuna aliyetaka tufanye kwa kuogopa sheria jambo tulilopaswa kulifanya kwa kumpenda jirani. Baba mchungaji alizungumza mwishoni, kwa maneno machache, akasoma Mathayo 18:15, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu", akasema kwamba kama aliyekosa kweli tunaambiwa tumwendee peke yake, basi ambaye hakukosa tunamwendeaje mbele ya watu thelathini na nane.

Tuliamua orodha isiwekwe tena kwenye kundi. Tangazo la Jumapili litataja jumla tu. Kaya ziligawanywa kwa viongozi watatu, kila mmoja akapewa daftari lenye safu mbili, moja ya kiasi na moja ya habari, na kila wiki madaftari hayo yanafika mbele ya mchungaji na mhazini. Mimi nilipewa kaya kumi na mbili, mama akiwamo, nadhani kama kitubio.

Sitaficha kilichofuata. Makusanyo yalishuka, tena yalishuka sana mwezi wa kwanza, na mzee wa bandarini hakusita kutukumbusha. Kati ya viongozi watatu, mmoja alipita nyumba mbili tu. Si mvivu, ana duka Kariakoo, anafika nyumbani saa mbili usiku, na saa hiyo kwenda kubisha hodi kwa mtu ni usumbufu. Ipo pia shida ya mwanamume kwenda peke yake kwa mwanamke anayeishi peke yake, jambo ambalo majirani hulitafsiri kabla hujakaa. Na wapo wasiotaka kutembelewa kabisa, ambao hodi yako kwao ni orodha nyingine, inayosoma kitanda, jiko na watoto waliolala chini. Wesley alikutana na vizuizi vya namna hii hii: viongozi hawakuwa na muda wa kuzunguka, na wengi wa washirika walikuwa watumishi wa ndani ambao mabwana zao hawakuruhusu wageni. Ndiyo maana baada ya muda mfupi waliacha kuzunguka wakaanza kukutana mahali pamoja kila wiki. Nasi tumefika hapo hapo kwa njia yetu, Alhamisi saa kumi na mbili jioni kwenye kibaraza cha mshirika mmoja, na kutembelea kumebaki kwa wale ambao hawakuonekana.

Kuhusu mama, suala la mkopo ndilo lililotupa kazi. Mtu mmoja alisema kanisa halipaswi kuingilia madeni ya watu, nami nikamweleza kwamba mwaka 1746, katika kiwanda cha zamani cha mizinga mjini London walichokigeuza kuwa nyumba ya ibada, Wesley alianzisha mfuko wa kukopesha maskini, usiozidi shilingi ishirini za Kiingereza kwa mara moja, zikirudishwa kidogo kidogo kila wiki ndani ya miezi mitatu, na kwamba katika mwaka mmoja watu 250 walisaidika. Hatukuwa na mfuko. Tulichanga sisi wanakamati, kimya kimya, zikapatikana za kununua chuma kipya na kujaza mtungi wa kuazima. Kijumbe ndiye aliyekwenda kuzungumza na wale vijana wa mkopo, kwa kuwa mama yake mmoja wao hucheza mchezo kwake. Nilijitolea kumsindikiza, akaniambia nibaki.

Bati zimenunuliwa nusu. Upande wa madhabahu umepauliwa, upande wa nyuma bado turubai, na yule kijana wa mti wa ufagio siku hizi husimama karibu na mlango. Mama amerudi ibadani, lakini kwenye kundi hajarudi, na nilipomuuliza kama nimuingize tena alicheka akasema simu yake haina nafasi. Vitumbua vinauzwa. Kila Alhamisi ananipa kiasi chochote alicho nacho, wiki iliyopita shilingi 1,000, nami naandika.

Zilibaki zile 45,000. Mhazini alikuwa tayari kuzihamisha kutoka "wasiojulikana" kwenda kwenye jina la mama, na nikampelekea habari hiyo nikidhani nampelekea furaha. Akaniambia tusizihamishe zote. Katika zile mara tatu, kumbe, mara ya mwisho yeye hakuwa na kitu kabisa. Kijana alituma 15,000 za kwake mwenyewe, akamwambia asijali, hata nyumba ya Mungu ya upande ule mvua inainyeshea. Kwa hiyo katika daftari la ujenzi la Wamethodisti, chini ya jina la mama, mhazini ameandika 30,000, na mstari unaofuata, kwa wino ule ule, ameandika Ramadhani, 15,000.